Kwa Nini Mkubwa Wako Alilifuta Neno "Desperately"

Swali la safari hii limetoka kwa karani wa ununuzi katika karakana moja ya Eneo la Viwanda, hapa Nairobi. Anaeleza kwamba jenereta ya karakana ilipoharibika alimwandikia muuzaji wa vipuri aliyeko Uingereza sentensi hii: "We desperately need the gaskets by Friday." Mkubwa wake wa kazi aliisoma barua pepe hiyo kabla haijatumwa, akalifuta neno "desperately", akaweka "urgently" mahali pake, na hakutoa maelezo yoyote. Jioni ya siku iyo hiyo karani huyu alimsikia afisa wa misaada akisema redioni kwamba katika kaunti za kaskazini "food is desperately needed", na hakuna aliyemkosoa. Anauliza hivi: je, maneno haya mawili si yote yana maana ya "kwa haraka sana"? Na kama neno lake lilikuwa kosa, mbona la afisa halikuwa kosa? Mwishoni ameongeza kwamba anaandika barua ya kuomba kazi kwingine, na angependa kujua kama kielezi hicho kinafaa humo.

Dada, nianze kwa kukutoa wasiwasi. Sentensi yako haikuwa na kosa lolote la sarufi. Kielezi kilikaa mahali pake, kitenzi kilikuwa kile hasa ambacho kielezi hiki hupenda kuandamana nacho, na Mwingereza yeyote angeielewa bila kusita. Hata hivyo mkubwa wako alifanya vyema kulifuta neno hilo, na sababu yake huwezi kuipata kwa kufungua kamusi peke yake, kwa kuwa kamusi nyingi ndogo zinazouzwa mjini huyaeleza maneno yote mawili kwa maneno yale yale: kwa dharura, kwa haraka, mno.

Tofauti yenyewe ni hii. "Urgently" huzungumzia muda: jambo linatakiwa mapema na likichelewa litaharibika. "Desperately" humzungumzia mhitaji: amefika mahali ambapo hana njia nyingine, na anajua hivyo. Ankara inaweza kuhitaji kulipwa "urgently" ilhali mlipaji ana fedha tele benki na hana hata chembe ya wasiwasi. Haiwezi kuhitaji kulipwa "desperately" kwa maana hiyo, kwa sababu hakuna mtu aliyebanwa. Kwa upande wa pili, mama anaweza kutamani "desperately" kumwona mwanawe aliyehamia ng'ambo miaka mingi iliyopita, na wala hakuna saa wala tarehe inayomkimbiza. Hitaji lake ni zito bila kuwa la dharura.

Uzito huo una asili yake. Kiingereza kililichukua neno hili kutoka kwa kitenzi cha Kilatini "desperare", yaani kukata tamaa, ambacho ndani yake mna "spes", tumaini. Kwa hiyo maana ya kwanza ya kielezi hiki ilikuwa "pasipo tumaini", na wala haikuwa na uhusiano na haraka. Ukitaka kuiona maana hiyo ya zamani ikiwa bado hai, fungua Yeremia 17:9 katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ambayo makanisa mengi ya hapa mjini bado huisoma: moyo wa mwanadamu unaelezwa humo kuwa "desperately wicked". Msomaji wa leo hudhani kwamba maneno hayo yanasema tu "mwovu sana". Biblia ya Kiswahili ya Union ilikwenda karibu zaidi na kiini cha jambo iliposema kwamba moyo "una ugonjwa wa kufisha". Ubaya unaotajwa ni ule usio na dawa.

Kutoka hapo hadi kwenye maana ya leo ni hatua moja tu. Mtu aliyekata tamaa hukamata chochote kilicho karibu, na sisi tulikwisha kulisema hilo kwa ufupi kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Kiingereza kilihamisha nguvu ya kule kutapatapa kikaitia katika kutaka, kuhitaji, kujaribu na kutafuta, hata "desperately" likawa neno la kupimia ukubwa wa haja. Lakini kivuli cha maana ya kwanza hakijaondoka. Anayelisikia bado husikia, kwa mbali, kwamba msemaji anatapatapa.

Sasa turudi kwa afisa wa redioni na kwako. Wote wawili mlisema kweli, na wote wawili mlisema kwa sarufi safi. Mlichotofautiana ni msikilizaji na faida ya msikilizaji huyo kujua kwamba hamna njia nyingine. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika na mifugo ikafa katika kaunti kama Marsabit, Wajir na Turkana, kusema kwamba chakula kilihitajika "desperately" kulikuwa kusema hali ilivyokuwa: watu walikuwa wamekwisha kuuza walichonacho, na njia zilikuwa zimefungwa. Anayelengwa na maneno kama hayo ni mfadhili au serikali, na lengo zima ni kumfanya ajue kwamba bila yeye hakuna mwingine. Tena afisa hakujisemea mwenyewe. Aliwasemea wengine, na kuwasemea wengine hakumshushii mtu heshima.

Wewe ulikuwa unamwandikia mtu anayepanga bei. Ukienda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa mjini bado wanaiita Grogan, kutafuta pampu ya mafuta huku gari lako limekwama katikati ya mzunguko, hutamwambia mwenye duka kwamba umekwama. Utauliza bei kana kwamba unapitapita tu. Barua yako kwa muuzaji wa Uingereza ilikuwa dukani vilevile, na neno moja ndani yake lilimfunulia kwamba huna mahali pengine pa kununua. Sidai kwamba kila muuzaji angeitumia nafasi hiyo kukukamua. Wengi ni waungwana. Hata hivyo barua ya biashara husomwa na watu zaidi ya yule uliyemwandikia, hukaa kwenye faili, na hutolewa siku ya kujadiliana bei ya mwaka unaofuata. Mkubwa wako, nadhani, aliliona hilo kwa mazoea ya kazi, hata kama hakupata maneno ya kulieleza.

Ningekuwa mimi, nisingeishia pale alipoishia yeye, kwa sababu hata "urgently" limechoka. Mabango ya mjini yameandika "urgently required" kwa mafundi, madereva na nyumba za kupanga hata macho yamezoea kulipita. Haraka huaminika inapoonyeshwa kwa jambo linaloweza kuhesabika. Linganisha sentensi yako na hii: "Our generator has been out of service since Monday. Could you confirm by noon on Wednesday whether the gaskets can leave your warehouse on Thursday?" Hapa hakuna kielezi cha hisia hata kimoja, lakini muuzaji amepata siku jenereta iliposimama, saa ya kujibu, na siku ambayo mzigo unapaswa kuondoka ghalani. Na kama ungependa kuuficha ubanwaji wako zaidi, ifute sentensi ya kwanza. Ya pili inatosha kumharakisha.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako kuu. Lakini kwa kuwa umelitaja neno hili, yapo mambo ya matumizi ambayo huwasumbua wasemaji wa Kiswahili mara kwa mara, na la kwanza ni la mahali kinapokaa kielezi. Katika Kiswahili tunasema "tunahitaji sana gasketi hizo", na "sana" hukaa kwa raha kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa. Mazoea hayo tunayabeba hadi kwenye Kiingereza, tukaandika "We need desperately the gaskets", sentensi ambayo humkwaruza msomaji Mwingereza hata akikosa kusema kwa nini. Kiingereza hakipendi kielezi kikitenganishe kitenzi na yambwa yake. Ama kielezi kinatangulia kitenzi, kama ulivyofanya wewe, ama kinasubiri hadi yambwa ipite: "We need the gaskets desperately." Nafasi hii ya mwisho ina uzito zaidi, kwa sababu sauti huangukia hapo, na hivyo inafaa zaidi katika mazungumzo ya mdomo kuliko katika barua. Tena haifai yambwa ikiwa ndefu. Ukiandika "We need the gaskets that you quoted for us in March desperately", kielezi kimeachwa nyuma kama abiria aliyekosa matatu, na msomaji anajiuliza kimetoka wapi.

Panapokuwa na kitenzi kisaidizi, kielezi huingia baada yake: "We have been desperately trying to reach your office." Katika kauli ya kutendwa hukaa kati ya kisaidizi na kitenzi kikuu, na hili ndilo umbo alilolitumia afisa wako: "is desperately needed". Kitenzi kinachofuatwa na kihusishi hakina masharti makali, kwa hiyo "looking desperately for a house" na "desperately looking for a house" zote zinakubalika. Vivyo hivyo "tried desperately to call" na "desperately tried to call" hazina tofauti ya kukukosesha usingizi.

Jambo la pili, ambalo naliona kuwa gumu zaidi, ni la marafiki wa neno hili. "Sana" yetu haibagui: mtu huhitaji sana, hufurahi sana, hujua sana, hula sana. Msemaji anayekichukua "desperately" kama tafsiri ya "sana" au "mno" atajikuta pabaya haraka. Kielezi hiki huandamana na vitenzi vya kutaka kitu ambacho bado hakijapatikana, au vya kushikilia kitu kinachoponyoka: "need", "want", "hope", "try", "search", "fight", "cling", "miss". Hakiendi na vitenzi vya kitu kilichokwisha kupatikana. Hakuna anayesema "I desperately enjoyed the meal", hata kama chakula kilikuwa kitamu kupita kiasi.

Hakiendi pia na vitenzi vya kusema, ingawa hapa Nairobi nakutana navyo katika barua kila mara. Tumezoea "I humbly request" na "I kindly request", basi mtu akiwa na shida kubwa hubadilisha kielezi tu na kuandika "I desperately request your assistance". Msomaji hupata picha ya mwombaji anayetoa ombi huku akirusha mikono. Kinachostahili kielezi ni hitaji, kwa hiyo andika kwamba unauhitaji msaada "desperately" ikiwa ndivyo, lakini uombe kwa utulivu.

Na vitenzi vya tendo lililokwisha? Ukisema "He desperately sold the car", sentensi inayumba, maana kuuza kumekwisha na hakuna tena kinachotafutwa. Waingereza wangesema "In desperation, he sold the car", wakiirudia ile maana ya kukata tamaa iliyokuwepo tangu mwanzo. Kirai hicho kinafaa kukikariri.

Kwa upande wa vivumishi, mwelekeo ni wa mambo mabaya au yenye maumivu: "desperately poor", "desperately ill", "desperately lonely", "desperately short of money". Kinyume chake hakitumiki hivi hivi, na mtu hawi "desperately rich" wala "desperately healthy". Palipo na "desperately in love" usidhani kanuni imevunjwa, kwa kuwa mapenzi yanayosemwa hapo ni yale yanayomnyima mtu usingizi. "Desperately important" nayo hutumika, kwa maana ya jambo ambalo likikosekana litaumiza. Wapenzi wa kandanda ya Uingereza, ambao mjini hapa hawahitaji kutafutwa, wamekwisha kulisikia neno hili wikendi baada ya wikendi. Mpira ukigonga mwamba, mtangazaji husema mshambuliaji amekuwa "desperately unlucky", na mabeki wanaofukuza mipira ovyo dakika za mwisho husemwa wanafanya "desperate defending". Katika matumizi hayo ya pili kukata tamaa kunaonekana wazi kabisa.

Yako pia matumizi ya kukanusha, ambayo nakushauri uyajue kwa kuwa unaandikiana na Waingereza. Muuzaji wako akikujibu "We are not desperately busy this week", usielewe kwamba ana shughuli kiasi. Anakuambia kwamba ana nafasi ya kutosha na ungeweza kumpa kazi. Na akisema "I'm not desperately keen on that arrangement", basi mpango huo hautaki, na amelisema hilo kwa namna ya adabu ya kwao ambayo humwachia mwenzake heshima. Ni tabia ya Kiingereza cha Uingereza hasa kulipunguza jambo kwa kukanusha neno zito. Sisi wenye mazoea ya kusema "si mbaya" tukiwa tumeridhika kabisa hatupaswi kushangaa sana.

Sasa barua yako ya kazi. Hapa jibu langu halina kona: usilitumie. "I desperately need this job" ni sentensi sahihi, na huenda ni ya kweli kuliko zote katika barua nzima, lakini mwajiri anayeisoma hujifunza habari za shida yako ilhali alikuwa anatafuta habari za kazi yako. Wengine watakuhurumia na kukupita. Wachache watakuita, kisha wakupe mshahara wa chini kwa kuwa umekwisha kuwaambia kwamba hutakataa. Kuna sababu nyingine ya hapa kwetu. Katika mazungumzo ya vijana wa Nairobi, "desperate" limekuwa karibu tusi. Anayeambiwa "usikuwe desperate" anaambiwa ajiheshimu, aache kumfuata mtu asiyemtaka, na sauti hiyo ya dharau huvuka kutoka kwa kivumishi hadi kwa kielezi bila kizuizi chochote. Afisa wa uajiri aliyekulia Buruburu au Lang'ata atalisikia neno lako kwa masikio hayo, hata kama Mwingereza hangelisikia hivyo. Tumia "I would very much like to join your team", au bora zaidi, eleza unachoweza kufanya na siku unayoweza kuanza.

Pale unapotaka nguvu bila kutapatapa, Kiingereza kina maneno mengine ya jirani. "We badly need" ni la kawaida katika mazungumzo na halina ubaya wowote ndani yake. Wanafunzi wengi huliogopa kwa sababu walifundishwa kwamba "badly" ni "vibaya", lakini likitangulia "need" au "want" humaanisha "sana" tu. "Sorely" ni la maandishi zaidi, na ukurasa wa matangazo ya vifo katika magazeti yetu umelizoea katika "sorely missed". "In dire need of" tulilikariri kwa ajili ya insha za mitihani, enzi ambazo alama zilitolewa kwa maneno mazito, na ingawa mtihani wenyewe wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliisha mwaka 2023, kirai hicho kimebaki katika barua zetu za ofisini, ambako kila printa inayokosa wino huwa "in dire need". Ningekiachia njaa, magonjwa na mafuriko.

Tena usikipandishie kielezi hiki kielezi kingine cha nguvu. "Very desperately" husikika kama mtu anayepiga kelele ndani ya kelele. "So desperately" inakubalika panapofuata matokeo, kama vile "She wanted the job so desperately that she accepted half the pay", sentensi ambayo pia inaeleza kwa nini nimekukataza kulitumia neno hili kwa mwajiri.

Kuhusu tahajia, chunga irabu ya pili na ya tatu. Ni "desperately", yenye "e" mbili kabla ya "a". Kosa la "desparately" hutokea kwa sababu sikio huliunganisha na "separately", na kikagua tahajia cha simu hakilikamati kila mara. Katika matamshi, mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, na irabu inayofuata humezwa, kiasi kwamba Waingereza wengi hutamka karibu na "desprutli". Ukizitamka irabu zote moja moja kama tunavyofanya katika Kiswahili utaeleweka bila shida. Ni katika kuandika tu ndipo kila herufi inadai haki yake.